Mke wa Padri wa Corval

Corval, siku ya Mtakatifu Luka, mwaka wa Bwana 1121

Mke wangu Hadvisa,

Leo ni siku ya tisa tangu ulipopanda mkokoteni wa kaka yako, na bado kila asubuhi mkono wangu unashusha bakuli mbili kutoka rafuni. Moja nairudisha.

Fukeri mchuuzi ameniambia mlifika kinuni salama. Anasema alikuona ukishusha mizigo yako mwenyewe huku kaka yako Turold amesimama tu akikuna ndevu. Nilitaka kucheka, lakini mawazoni niliona mikono yako.

Jumapili kanisa lilijaa kupita kawaida. Watu walikuja kuona padri asiye na mke anafanana vipi. Baada ya misa Bibi Ansgota akanisimamisha mlangoni: "Padri, nani sasa atakukoholea mahubiri yakiwa marefu?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikarudi nyuma ya altare, nikakaa huko mpaka wote wameondoka.

Shemasi mkuu alikuja Alhamisi, siku mbili baada yako, kuhakikisha kwamba amri ya askofu ya kuwaondoa wake za mapadri imetekelezwa. Alitazama kila chumba, akauliza maswali machache, nikamjibu, akala kuku akaondoka. Mengine hayana haja ya kuandikwa.

Vumilia hadi Pasaka. Askofu ni mzee na anakohoa damu. Atakayemrithi huenda naye ana mke mahali, na amri hii itasahaulika kama zilivyosahaulika zile za kabla yake. Tumekaa pamoja miaka sita. Miezi sita haitatushinda.

Mbuzi wako hataki nimkamue. Ananitazama kama mwizi.

Wako,
Osbern


Kinuni kwa Turold, siku ya Mtakatifu Martino, 1121

Mume wangu,

Naandika polepole. Uliponifundisha herufi kwa mkaa kwenye jiwe la meko sikudhani ingekuja siku niziandike kwa mtu asiye chumbani. Kama kuna makosa, usinicheke, na kama utacheka, cheka kwa sauti nisikie.

Hapa wananiita "mama padri". Si kwa heshima. Wanaokuja kusaga wananiangalia kiunoni, wananiangalia usoni, kisha wanamuuliza wifi yangu Basilia kana kwamba mimi sipo: "Huyu ndiye yule?" Na Basilia anajibu, "Ndiye. Alikuwa akila sadaka zetu, sasa anakula unga wetu." Nami nafagia. Nimefagia kinu hiki mpaka panya wamekosa pa kujificha.

Turold si mbaya. Ananipa mahali karibu na moto na hasemi mengi. Lakini ameanza kusema, "Mambo yako inabidi yatengenezwe." Hanielezi ni mambo gani.

Sasa nina swali. Juzi alikuja mwendesha mkokoteni kutoka parokia ya jirani yenu. Anasema shemasi mkuu alisimulia mezani huko, akicheka, kwamba padri wa Corval hana mke wala hajawahi kuwa naye, alikuwa na mtumishi tu wa kufua na kupika. Anasema umeliapia. Nilimwambia kwamba amechanganya Corval na mahali pengine.

Amechanganya, au hakuchanganya?

Kuna jambo lingine, ila sitaki kuliandika mpaka niwe na hakika nalo.

Hadvisa


Corval, juma la pili la Majilio, 1121

Hadvisa,

Hakuchanganya.

Shemasi mkuu aliweka kisanduku cha masalia ya mtakatifu juu ya meza yetu, pale unapokandia mkate. Akaniambia, "Weka mkono. Mwanamke aliyekuwa akiishi humu ni nani kwako?" Nikasema, "Mtumishi wa nyumba." Akasema, "Si mke?" Nikasema, "Si mke." Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini.

Unajua nimetokea wapi, lakini sijawahi kukusimulia yote. Baba yangu alikuwa mtwana wa baba yake Bwana Gilo. Alizaliwa juu ya ardhi ya bwana huyo na alikuwa mali pamoja nayo, kama ng'ombe na uzio. Nikiwa na miaka minane padri mzee aliniombea, na bwana akaniachia kwa sharti moja, niitumikie altare. Siku nitakayovuliwa upadri, narudi kuwa wake. Ningekiri kwamba nina mke, na kwamba nimempeleka kwa kaka yake nikingojea upepo ugeuke, shemasi mkuu angenivua kanzu papo hapo.

Baba alikufa akiwa amejikunja. Tulishindwa kumnyoosha ili aenee kwenye jeneza. Nilikuwa nimeshika miguu. Nilipoweka mkono juu ya kisanduku kile sikumwogopa Mungu, Hadvisa. Niliogopa jembe.

Sijui unisamehe kwa maneno gani, kwa hiyo sikuombi bado. Niambie tu lile jambo lingine ni nini.

Osbern


Kinuni, siku tatu baada ya Kutolewa Bwana Hekaluni, 1122

Osbern,

Nimekaa na barua yako tangu kabla ya Noeli. Mara tatu nilitaka kuitupa mtoni.

Sijakusamehe. Nakuandikia kwa sababu mtoto ni wako kama alivyo wangu. Ndiyo, mtoto. Niliondoka Corval naye bila kujua. Sasa anapiga teke hasa nikilala ubavu wa kushoto, na Basilia ameacha kuninyima maziwa, kwa hiyo hata yeye ameona. Baada ya miaka sita ya kumwomba Mungu na kunywa majani ya Bibi Ansgota, amekuja wakati huu. Sijui nimwambie Mungu nini.

Kiapo chako kimefika mbali kuliko ulivyodhani. Kaka yangu alikwenda kwa padri wa hapa, akarudi ameridhika. "Mumeo mwenyewe ameapa juu ya mifupa ya mtakatifu kwamba huna mume," akaniambia. "Basi unaweza kuolewa." Amenitafutia fundi mapipa aitwaye Wimundi, mjane mwenye watoto wawili. Si mtu mbaya. Anajua hali yangu na amesema mtoto atakuwa wake. Wanataka iwe baada ya Pasaka, kabla tumbo halijawa kichekesho.

Sasa sikiliza. Hata nikiwa na hasira, ukiniandikia neno moja tu kwamba mimi ni mke wako, nitawakatalia wote. Neno moja, kwa mkono wako, nimwonyeshe Turold.

Theluji imemzuia Fukeri. Turold anakwenda sokoni kesho na ameahidi kumkabidhi barua hii huko.

Hadvisa


Corval, juma la pili la Kwaresima, 1122

Hadvisa,

Fukeri amepita, ameniletea maneno ya kaka yako. Najua yote sasa.

Nimesali siku nne kabla ya kushika kalamu. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyafuta yote. Niliapa uongo juu yako, na sina haki ya kukufunga kwa kamba niliyoikana mwenyewe. Kama Wimundi ni mtu mwema, olewa. Kaa kwenye nyumba ambayo hakuna askofu atakayekuja kuhesabu vitanda. Sitakuzuia, wala sitakuja.

Nimejifunza kufua kanzu ya misa. Inatoka na madoa, lakini watu hawasemi. Jioni mbuzi analala mlangoni pako upande wa nje. Nimejaribu kumfukuza.

Turold anataka niandike kwamba hukuwahi kuwa mke wangu, ili padri wa huko atulize moyo. Nilianza kuliandika mara mbili na mara mbili mkono umekataa. Mwambie kiapo kinatosha.

Mungu akulinde.

Osbern


Kinuni, juma la nne la Kwaresima, 1122

Padri Osbern,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini kwenye unga.

Unajua yote, unasema. Unajua kwamba nimebeba mtoto wako, na jibu lako ni madoa ya kanzu na mbuzi. Nilikuomba neno moja. Umeniandikia "olewa".

Mtoto huyu atakuwa na baba fundi mapipa na hatasikia jina lako. Usiniandikie tena. Hii naipeleka kwa Fukeri kwa mkono wangu, nione ikiingia mfukoni mwake, usije ukasema haikufika.

Hadvisa binti Anfrid, aliyekuwa mtumishi wako


Corval, Jumatano ya Pasaka, 1122

Hadvisa, mke wangu,

Mtoto gani?

Naandika hili kwanza ili uone. Sikupata barua nyingine yoyote kutoka kwako tangu ile ya Mtakatifu Martino. Fukeri alileta maneno ya mdomo tu kutoka kwa Turold: kwamba umepata mchumba, kwamba umeridhika, kwamba nikuache. Hayo ndiyo "yote" niliyoyajua. Nilidhani nakufungua. Kumbe nilikuwa nawatupa nje wawili kwa kalamu moja.

Barua yako ilinifikia Jumamosi Kuu, nikiwa na mishumaa mkononi. Sikulala. Jumapili kanisa lilikuwa limejaa mpaka uani, na Bwana Gilo mbele na mke wake. Baada ya Injili sikuhubiri. Nilisema: "Mwezi wa kumi niliweka mkono juu ya mifupa ya mtakatifu nikasema Hadvisa ni mtumishi wangu. Nilisema uongo. Ni mke wangu. Nilimwoa mbele ya mlango wa kanisa hili."

Halafu Bibi Ansgota: "Sasa hiyo ni habari, Padri? Sisi sote tulikula bata wa harusi yenu."

Wengine wakacheka. Mke wa mhunzi akaanza kulia. Nikamaliza misa, maana nilijua ni ya mwisho, na sikutaka kuikimbiza.

Bwana Gilo alinisubiri nje. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Osbern," akasema, "ulitolewa kwetu kwa ajili ya altare. Ukiiacha altare, unajua unakorudi."

"Najua, bwana."

"Mikono yako ni laini."

"Itazoea, bwana."

"Na huyo mke wako akija hapa, naye ni wangu, na mtoto atakayemzaa vilevile. Ndiyo sheria. Sikuitunga mimi."

Jana shemasi mkuu alikuja akachukua kanzu, kikombe na funguo. Leo asubuhi nimepalilia mashamba ya bwana tangu mapambazuko, pamoja na watu niliowabatizia watoto wao. Walinipa mstari mfupi wa kupalilia. Ngozi hii nimeikata kwenye ukingo wa kitabu cha zaburi kabla hawajakichukua. Mungu ataniuliza na hilo.

Hili ndilo neno uliloliomba, limechelewa: wewe ni mke wangu. Mwonyeshe Turold. Lakini usije Corval. Ukikanyaga hapa ukiwa mke wangu, mtoto atazaliwa mtwana. Nimekwisha kufanya kibaya kimoja kwa woga. Sitaki kufanya cha pili kwa kukutamani.

Nakutamani, Hadvisa. Sikujua kwamba neno hilo lina uzito wa mwili mzima.

Osbern


Kinuni, siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, 1122

Osbern,

Ni msichana. Ana siku kumi na moja. Nimemwita Emelina. Ana nywele nyeusi za kusimama kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, na akikasirika uso unakuwa mwekundu kama wako ukikosea kuimba.

Nilimuuliza Turold juu ya barua ile. Hakukana. "Niliichoma," akasema. "Nilikuwa najaribu kukuokoa." Nilimwambia, "Kaka, umeokoa nini?" Akatoka nje, na nikamwona amesimama muda mrefu akitazama gurudumu la kinu ambalo halikuwa na hitilafu. Tangu hapo ananiletea kuni za mtoto bila kuambiwa. Sizungumzi naye sana, lakini kuni nazichoma.

Barua yako nilimsomea yeye, na padri wa hapa, na Wimundi. Wimundi alikunja kofia yake mkononi. Akasema, "Basi sikuwa nimekosea kudhani bado unamsikiliza mtu mlangoni." Alituachia beseni dogo la mbao alilokuwa amemtengenezea mtoto. Nilimlilia yeye kuliko nilivyokulilia wewe wakati wa Kwaresima.

Sasa soma kwa makini, kisha choma.

Waendesha mikokoteni wanaongea sana wakingoja unga. Wanasema mfalme ameupa mji wa Montarel hati yenye muhuri: mtu yeyote akaaye ndani ya kuta zake mwaka mmoja na siku moja, bila bwana wake kuja kumdai mbele ya mashahidi, ni mtu huru, na hakuna atakayemgusa tena. Ni safari ya siku tano. Wanahitaji watu kwenye viwanda vya kutia nguo rangi, na hawaulizi majina ya baba.

Usije huku kwanza. Watakutafuta hapa kabla ya mahali pengine popote. Usiandike, maana barua ina miguu na watu huifuata. Mimi nitakaa. Emelina amezaliwa huru na atabaki huru, hata kama itanibidi nikae bila kujua kama uko hai.

Sisemi kwamba nimekusamehe. Nasema nenda.

Hadvisa


Montarel, siku ya Kupalizwa Mariamu, 1123

Hadvisa,

Mwaka umepita. Na siku moja. Na nyingine tano, kwa sababu niliogopa kwamba nimehesabu vibaya.

Niliingia lango la mji huu mkesha wa Mtakatifu Lorenzo, nimelala chini ya magunia ya sufu. Ninafanya kazi kwa mtia rangi aitwaye Herlwin, mtu mwenye matusi mengi na moyo mpana. Mikono yangu ni ya buluu mpaka kwenye viwiko na haitakati. Mwanzoni wenzangu waliniita "Padri" kwa sababu nilikuwa nikivuruga pipa huku nikinong'ona zaburi. Nilidhani wamegundua. Walikuwa wanatania tu.

Mara moja nilikaribia kupotea. Wakati wa Kwaresima msimamizi wa Bwana Gilo alikuja hapa kununua kitambaa. Tulikutana uso kwa uso mlangoni, pua zetu karibu kugusana. Ni yule niliyemzikia mama yake, unakumbuka, mvua ilinyesha tukaingia kaburini mimi na yeye kulitoa maji. Alinitazama. Ningeweza kuhesabu pumzi zake. Kisha akamwambia Herlwin, "Nilimfananisha na mtu," akalipa, akaondoka. Nilisubiri miezi miwili warudi na mashahidi. Hawakurudi. Sijui kama ni huruma au ni macho mabovu, nami namwombea kwa yote mawili.

Jumatatu wazee wa mji waliniita, wakauliza kama kuna anayenidai. Hakuna aliyejibu. Wakaniandika: Osbern mtia rangi, mtu huru. Karani akauliza, "Una mke?" Nikasema, "Ninaye." Akaandika. Ilikuwa rahisi hivyo, Hadvisa. Nilitoka nje nikaegemea ukuta.

Upadri sina tena na sitaupata. Jumapili nasimama nyuma kabisa kanisani, na padri wa hapa akikosea maneno midomo yangu inamsahihisha. Hilo nalo nalitamani, siwezi kukuficha. Lakini ningeulizwa leo nichague, nisingesita hata kwa muda wa kuweka mkono juu ya kisanduku.

Nina chumba juu ya karakana. Kinanuka, dirisha linatazama mtoni, na maji yanapita mekundu au ya buluu kutegemea siku. Mwaka mzima nimeongea na wewe humo. Sijui kama uko hai, kama umeolewa, kama mtoto ameishi. Siombi unisamehe kwa barua. Naomba uje uone, na kama ukiona hapafai, nitakurudisha mwenyewe mpaka kinuni. Sasa naweza kutembea barabarani mchana.

Osbern


Kinuni, siku ya Kuzaliwa Mariamu, 1123

Osbern,

Sote tuko hai. Fukeri alipiga magoti uani ili kuitoa barua yako kwenye soli ya kiatu. Anasema amezeeka kwa ajili yetu.

Mwaka huu ulikuwa mbaya. Watu wa Bwana Gilo walikuja mara mbili. Mara ya pili walimwaga mapipa yote ya unga wakikutafuta ndani yake, na Turold, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, alimwambia mkubwa wao, "Shemeji yangu hayupo. Angekuwepo, nisingekupa." Neno lile, shemeji, lilimtoka kama jino. Sikuambii nilikusubiri kwa utulivu. Kuna majuma nilikulaani. Kuna jioni nilikaa mlangoni mpaka Basilia, yuleyule aliyekuwa akininyima maziwa, akaja kunifunika shuka. Wimundi ameoa mjane wa mhunzi wa huku. Nilikwenda harusini, na nilifurahi kweli.

Nakuja. Turold anatupeleka kwa mkokoteni Jumatatu baada ya Mtakatifu Mikaeli, kwa hiyo tutakuwa langoni mwa Montarel Ijumaa au Jumamosi, Mungu akipenda. Usitoke nje ya kuta kutulaki, hata kama uko huru. Subiri ndani, nione kwanza uso wako ukiwa salama.

Emelina anatembea sasa, miguu imepinda kidogo, na anasema maneno manne, moja ni tusi alilolipata kwa waendesha mikokoteni. Anawaogopa wanaume wasio Turold. Akikuona na hiyo mikono ya buluu atalia, na atajificha kwenye sketi yangu. Usiumie. Usimbebe kwa nguvu, usimwambie wewe ni nani. Kaa tu karibu, fanya kazi yako, mwache akutazame mpaka azoee.

Na mimi vivyo hivyo, Osbern. Nipe siku mbili tatu.

Mke wako,
Hadvisa